Sifa ya Kuingia Bandarini

Miongoni mwa kazi zilizolelewa na Bahari ya Hindi ipo moja isiyosifiwa sana, kwa kuwa anayeifanya vyema haachi nyuma yake kitu cha kutazamwa: ni kazi ya kukiingiza chombo katika bandari ya kisiwa. Seremala akimaliza kuuchonga mlango huuacha ukutani, na wajukuu wakautambua mkono wake. Nahodha akishatia nanga salama, maji huiziba njia aliyopita, na ustadi wake hubaki katika vichwa vya wanafunzi wake tu. Kwa sababu hiyo ustadi huu unaweza kutoweka bila mtu kushtuka.

Lamu, kisiwa kilicho nyuzi 2 na ushei kusini mwa Ikweta, chatosha kuwa mfano. Mji wake wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo nyumba za mawe zimeandikwa sana kuliko mlango wa bahari unaomfikisha mgeni kwenye nyumba hizo. Mlango huo, yaani njia ya maji baina ya nchi mbili kavu, hupita kati ya Shela na Ras Kitau ya kisiwa cha Manda, nao una mafungu, yaani matuta ya mchanga yaliyojificha majini, ambayo husogezwa na mikondo na pepo za kusi na kaskazi. Katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa takribani mita 3, hata pahali palipopitika asubuhi pakawa pakavu kabla ya alasiri. Nahodha aliyefunzwa vizuri alitua tanga nje ya mlango akangoja maji yajae na jua limwangazie chini, wala hakuona haya kungoja.

Alipokwisha kungoja, alishika bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Baharia aliitupa mbele ya omo, ambayo ni sehemu ya mbele ya chombo, akaiacha iguse chini, kisha akatamka kina kwa sauti ili mshika usukani asikie bila kugeuza kichwa. Chini ya risasi hiyo palikuwa na kishimo kilichopakwa shahamu, na shahamu ilirudi juu na mchanga, tope au vipande vya matumbawe, hivi kwamba baharia alijua kina cha maji na pia kama nanga ingeshika au ingeburura. Rangi ya maji humwonyesha mtu mwamba wakati maji ni safi na jua liko mgongoni. Yakichafuka, hukosa ushahidi, na hapo bildi ndiyo macho. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa Uarabuni, alizihesabu dalili za kukaribia nchi kavu kuwa sehemu ya elimu ya rubani, yaani mwongozaji wa vyombo.

Ustadi huo uliambatana na adabu. Yoti, yaani chombo cha safari za starehe, inapotoka nchi nyingine hupandisha bendera ya manjano, ambayo katika ishara za kimataifa za baharini ni herufi Q, kutangaza kwamba chombo hakina maradhi na kinaomba kibali. Kwa desturi nahodha peke yake hushuka na hati za wote, akapitia afya, forodha na uhamiaji. Akishakubaliwa, manjano hushushwa na bendera ya nchi mwenyeji hupandishwa.

Leo wengi huikabidhi skrini kazi yote hiyo, nao hufika kwa haraka na kuiona ruhusa kuwa usumbufu. Novemba 2014 yoti ya mashindano Team Vestas Wind, yenye mabaharia 9 na vifaa vya kisasa, ilipanda usiku miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius. Wote waliokoka. Miamba hiyo ilikuwamo katika ramani ya kielektroniki, lakini ramani haikuwa imekuzwa vya kutosha ili ionekane. Chombo cha kupimia hakikukosea. Kilichokosekana ni mazoea ya kutilia shaka na kupima tena.

Si lazima kukataa satelaiti ili kuiheshimu bildi. Tangu Mei 2021, ilipozinduliwa gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu upande wa bara, meli kubwa zina njia yao iliyochimbwa kwa mashine, lakini mafungu katika njia ya vyombo vidogo yangali yakihama bila kuiarifu ramani yoyote. Wazee wanaoyajua kwa majina na waulizwe wangali hai, na maarifa yao yafundishwe vijana wa mashua kabla ya rununu. Na mwenye yoti asiyeweza kungoja maji yajae asijiite nahodha.