Chaplin Akija Miritini

Juzi, barazani hapa Shanzu, nilimwekea mjomba *Modern Times* kwenye simu. Chaplin anakaza nati, mkanda unakimbia, mwisho mashine inammeza. Mimi nacheka. Mjomba, aliyeunganisha magari miaka mingi, hacheki. "Mkanda gani huo? Sisi bodi tulikuwa tukisukuma kwa mikono."

Hapo ndipo filamu hii ya 1936 inaponiacha. Hofu yake ni ya kule kwa Ford, ambako mkanda ulioanza 1913 ulishusha muda wa kuunganisha gari kutoka saa 12 na zaidi hadi dakika 93 hivi. Chaplin anaogopa mashine isiyosimama.

Hapa Kenya kazi ilikuja katikati ya miaka ya 1970: Leyland kule Thika, General Motors Nairobi, Associated Vehicle Assemblers hapa kwetu Miritini. Vipande vinashuka bandarini kwa makasha, watu wanachomelea, wanapaka rangi, wanafunga. Hofu yetu ni makasha yasije. Na miaka ya 1990 soko likafunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yakajaa barabarani, na kazi viwandani ikapungua. Mashine haikutumeza, ilisimama tu. Filamu ya hilo sijaiona bado.

Lakini itazame. Kuna pahali Chaplin anaenda kupumzika na mikono bado inakaza nati hewani. Mjomba akasema, "Rudisha kidogo." Nikarudisha.

"Hapo hajadanganya, mwanangu."