Je, Kizuri Chajiuza? Uhakiki wa Lugha ya Vibao vya Biashara Ndogo Kisangani

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukiichukua methali hii kama sheria isiyo na mipaka, basi kila tangazo la biashara ni ungamo: aliyeandika kibao amekiri kwamba bidhaa yake haijiwezi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba methali hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake una mahali pake. Na kwamba kosa la wafanyabiashara wadogo wa mji wetu si kujitangaza, bali ni kuandika maneno yasiyomwambia mnunuzi kitu.

Tuanze na mipaka ya methali. Sokoni, mnunuzi wa samaki humtazama samaki macho, humbonyeza, humnusa, kisha huamua. Hapo kizuri chajiuza kweli. Lakini fundi cherehani, mtengenezaji wa simu au seremala hauzi kitu kilichopo mezani. Anauza kazi ambayo bado haijafanyika, nayo haionekani, haiguswi wala hainuswi. Kwa biashara ya namna hii neno ndilo bidhaa ya kwanza anayopewa mnunuzi. Likiwa bovu, hatangoja kuiona ya pili.

Sasa tutazame maneno yenyewe. Mtu akitembea kutoka Makiso kwenda Mangobo atasoma juu ya milango maneno kama «Ets», «Maison» na «Commerce Général». Swali la kwanza la mhakiki ni hili: msomaji aliyekusudiwa ni nani? Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili na Kilingala kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Twaonelea kwamba kibao cha aina hii hakizungumzi na mnunuzi. Kinazungumza na ofisi, kana kwamba anayetarajiwa mlangoni ni mkaguzi wa kodi. Maneno «Commerce Général» hayasemi kama ndani mna chumvi au misumari. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu. Kifaransa humpa mwenye duka heshima, na humwonyesha kuwa mtu wa kudumu, asiye mpita njia. Lakini heshima si habari. Mwenye duka huyohuyo, mteja akishaingia, huiacha lugha ya kibao, akataja kwa Kiswahili au Kilingala kitu, kipimo, bei na nyongeza. Mdomo wake unajua kuuza. Ni mkono wake tu unaoandika kama karani.

Kundi la pili ni la vibao vilivyoandikwa kwa Kiswahili, lakini vikajazwa sifa tupu: «bei nzuri», «kazi safi», «karibuni wote». Hapa hatuna budi kumkumbuka mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962 ilieleza kwamba kusema ni kutenda, na kwamba anayeahidi hatoi habari tu, bali anajifunga. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa ufupi zaidi: ahadi ni deni. Basi tupendekeze kipimo kimoja cha kuhakikia tangazo: je, maneno haya yanaweza kudaiwa? «Bei nzuri» haidaiki. Hakuna mteja awezaye kurudi na kulalamika kwamba bei haikuwa nzuri. Tuseme fundi aandike hivi: «Nguo za shule, buluu na nyeupe. Lete kitambaa Jumatatu, mtoto avae Ijumaa.» Hakuna sifa hata moja katika sentensi hizo, wala hakuna neno gumu. Lakini mzazi anajua kinachoshonwa, anajua siku, na anajua atadai nini Ijumaa ikifika. Ushawishi umetokana na uwazi wenyewe.

Huenda msomaji akauliza kwa nini basi wengi hupenda sifa tupu. Jibu ni kwamba maneno yasiyo wazi ni kinga. Fundi anajua kwamba umeme hukatika, na pasi yake ikazimika katikati ya kazi. Kwa hiyo anaogopa kutaja siku. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake si ukungu. Asiyeweza Ijumaa aandike Jumatatu ya pili. Ahadi ndogo iliyotimizwa humvuta mteja kuliko kubwa iliyosahauliwa.

Mfano bora mjini kwetu haukuandikwa ukutani. Baiskeli za kubebea abiria, zilizoenea katika miaka ya vita na uhaba wa petroli, ziliitwa «toleka», neno la Kilingala lenye maana ya «tupite». Tulichambue: kiambishi «to-» ni «sisi», na mzizi «-leka» ni «pita». Neno moja limetaja kazi, likamweka abiria na mwendeshaji katika nafsi moja, na likawa mwaliko. Hata baada ya pikipiki kuongezeka, jina hilo halikusahaulika.

Wako wenzetu watakaosema kwamba vibao si fasihi na havistahili uhakiki. Tuwakumbushe kanga. Kanga za mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, zilijulikana kwa alama «Mali ya Abdulla», na maneno ya Kiswahili juu ya kanga yamekuwa somo la wasomi wengi. Alama ile haikusema kwamba kitambaa ni kizuri. Ilimtaja mwenye kuwajibika nacho. Kama maneno ya kitambaani yamestahili kuchunguzwa, ya ukutani yanastahili pia.

Twapendekeza, basi, wanafunzi wetu wa isimu wapewe zoezi hili: kila mmoja achague kibao kimoja mtaani kwake, akichambue, kisha aketi na mwenye duka wakiandike upya kwa lugha wanayoizungumza wateja. Wengi wa wanafunzi hao wanalipiwa masomo kwa faida ya biashara ndogo za wazazi wao. Si haki chuo kiwafundishe kuchambua sentensi za watu wa mbali, huku sentensi iliyo juu ya mlango wa mama zao ikibaki bila msomaji.