Ken Walibora: Mtangazaji si Msimulizi

Marehemu Ken Walibora (aliyefariki 2020) alisoma habari za Kiswahili katika runinga ya NTV, na pia akatunga Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012). Hapa Kathiani, baadhi ya watahiniwa hudai kwamba riwaya hii ya pili ni taarifa ya habari iliyorefushwa. Hoja hiyo haitoshi. Taarifa ingeripoti tu kwamba Mtemi Nasaba Bora amenyakua ardhi. Riwaya inamweka kando ya Majisifu, aliyeiba mswada wa Amani. Si bure kwamba wezi hawa wawili ni ndugu: anayepora shamba na anayepora jasho la kalamu wamelelewa na tamaa moja. Mtahiniwa, anza na matini. Wasifu wa mwandishi ufuate.