Mkono wa Henry Vandyke Carter

Kitabu cha anatomia kilichotoka London mwaka 1858 kimebaki na jina la Henry Gray, aliyeandika maelezo yake. Mimi hukifungua kwa ajili ya michoro. Ipo 363, na mchoraji ni Henry Vandyke Carter, daktari kijana aliyezaliwa mwaka 1831, baba yake naye mchoraji.

Carter na Gray walipasua maiti pamoja katika Hospitali ya St George's. Formalini ilikuwa bado haijaanza kutumika, kwa hiyo mwili haukusubiri mtu. Ilibidi jicho liwahi na mkono usitetemeke. Michoro ilihamishiwa kwenye vipande vya mbao ngumu ikiwa imegeuzwa, kulia kuwa kushoto, ili ikipigwa chapa ikae sawa. Wachongaji wakafuata mistari ya Carter, wakachimba penye weupe na kuacha mistari imeinuka ipokee wino.

Tazama ateri za shingo. Vitabu vingi vya wakati ule viliweka herufi ndogo tu kando ya kila mshipa, msomaji akahangaika kutafuta maana yake chini ya ukurasa. Carter aliweka jina juu ya kiungo chenyewe: mshipa ukipinda, jina nalo linapinda. Mwanafunzi mwenye kisu mkononi anapata umbo, mahali na jina kwa mara moja. Kwenye misuli, mistari inafuata nyuzi za nyama, hata ukaona msuli unavutia upande gani. Hakuna maiti anayejishaua mbele ya milima, kama wale wa vitabu vya karne ya 16. Hakuna hata kivuli cha urembo.

Inaniuma kwamba Carter alilipwa pauni 150 basi, huku Gray akiendelea kupata fungu lake kadiri kitabu kilivyouzwa. Tena Gray ndiye aliyetaka jina la mwenzake lipigwe chapa kwa herufi ndogo kuliko lake.

Mwaka huohuo wa 1858 Carter alikwenda Bombay, akafundisha anatomia katika Chuo cha Grant. Huko alikuta misetoma, ugonjwa unaovimbisha na kutoboa miguu ya watembeao peku. Akaipasua miguu iliyokatwa, akafuata vijia vinavyopenya hadi mfupani, akazikuta punje nyeusi zilizojaa humo na kuzihusisha na kuvu. Kitabu chake juu ya maradhi hayo kilitoka mwaka 1874, na michoro ni yake mwenyewe, safari hii kwa rangi.