Muhuri Usio wa Mtendaji

Hapa Mwanza sijui kipande cha mpira chenye nguvu kuliko muhuri. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa bila muhuri ni karatasi tu, hata kama mwenyekiti ameiandika mbele ya macho yako. Fomu ya mkopo, cheti cha ubatizo, ruhusa ya mwanafunzi wa bweni, vyote vinasubiri mpira uguse pedi, kisha uguse karatasi. Kila aliyesoma bweni amewahi kusikia kisa cha mwanafunzi aliyechonga muhuri wa shule kwenye ufutio ili ajipe ruhusa ya kutoka. Kisa hubadilika kutoka shule hadi shule, na mwisho wake pia, ila hakuna anayekisimulia bila kumstahi kidogo yule mchongaji. Sote tunajua kwamba wino ule wa zambarau huaminiwa kuliko maneno uliyogongwa juu yake.

Kwa sababu hiyo nazitazama kwa makini kadi za salamu zinazotengenezwa kwa mihuri na wino hapa mjini. Ni kazi ya watu wachache, wengi wao vijana. Wanachukua oda kwa simu, au wanaomba kona ya meza katika duka la vifaa vya ofisi. Wengi wetu tukishika kadi ya aina hii tunasema "nzuri" na kuuliza bei. Mimi nataka kuuliza jambo jingine: muhuri uliozoea kuidhinisha na kukataa unafanya nini juu ya karatasi ya mapenzi?

Kwanza tuone kadi hizi zinashindana na zipi. Kwenye maduka ya watalii, kadi ya mkono ya Tanzania ni ile ya maganda ya mgomba. Fundi hukata ganda kavu vipande vyembamba, huvipanga kwa rangi zake za asili, kuanzia kahawia hafifu hadi karibu nyeusi, kisha huvibandika kwa gundi juu ya karatasi ngumu. Ufundi upo, tena wa hali ya juu. Lakini picha karibu zote ni zile zile: Mmasai na mkuki wake, twiga chini ya mgunga, mwanamke mwenye mtungi. Jirani yake ni kadi ya Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, ambao kwa kiasi kikubwa umeishi kwa mkoba wa mgeni. Kadi hizi zimetengenezwa na sisi, lakini sisi si wasomaji wake. Sijawahi kumwona mtu wa Mabatini akimnunulia shangazi yake kadi ya twiga.

Tunazosoma wenyewe ni za kiwandani na za matbaa. Kadi ya mchango wa harusi nadhani ndiyo inayosomwa kwa umakini kuliko zote nchini, maana ina namba za simu za wanakamati na siku ya mwisho ya kutoa. Baadaye huja ya mwaliko, nayo imeandikwa "Single" au "Double", na maisha ya jioni nzima yanategemea neno hilo moja. Watu huzicheka kadi hizi. Mimi naziheshimu, kwa sababu hazifichi shida yao. Zinasema zinataka nini, kutoka kwa nani, na lini. Zinachokosa ni sura. Pete mbili na waridi jekundu zingeweza kuwa za harusi ya mtu yeyote, popote.

Mbaya kuliko hizo ni kadi ya pongezi au ya kuzaliwa yenye shairi la Kiingereza. Kaka yangu alimtumia mama moja kutoka Dar es Salaam, nene, inayong'aa, yenye utepe. Mama aliisimamisha juu ya kabati la televisheni kwa heshima zote. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, hii inasema nini hasa?" Mama alimaliza darasa la saba na husoma Kiswahili bila kusitasita. Nikajaribu kumfasiria. Mistari minane ikaishia kuwa "wewe ni mtu wa pekee na siku yako iwe ya pekee." Mama akasubiri niendelee. Hakukuwa na zaidi. Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa kadi yoyote: ifasirie kwa sauti mbele ya mtu aliyeandikiwa, uone kinachobaki.

Cha ajabu ni kwamba mama huyo huyo ni msomaji hodari wa salamu fupi zenye picha. Mpe kanga. Atatazama pindo, atatazama mji, kisha atasoma jina, na kabla hujakaa chini atakuwa ameshajua kama umempongeza, umemwomba radhi au umemchokoza. Anajua pia kwamba jina lile lile likitoka kwa mkwe lina uzito mwingine na likitoka kwa mwanawe. Sehemu tatu za kanga ndizo sehemu tatu za kadi nzuri: ukingo unaofunga macho yasitoroke, picha inayobeba kati, na maneno machache yanayosubiri mtoaji na mpokeaji ndipo yakamilike. Tumekuwa na kadi za salamu mwilini na kabatini kwa zaidi ya karne, ila tulizoea kuziita nguo.

Ujamaa wa kanga na muhuri hauishii hapo. Kanga za mwanzo za pwani zilipigwa kwa vibao vilivyochongwa kwa mkono, vikachovywa rangi na kugongwa juu ya kitambaa. Mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, alitia kwenye kanga zake alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno hayo yanatamka umiliki na kudhamini bidhaa, kazi ile ile inayofanywa na muhuri wa duka. Anayechonga mpira leo Nyakato ili agonge kadi anarudia mwendo wa mikono uliokuwapo kabla viwanda havijachukua kazi hiyo.

Hata huko Ulaya kadi ilianza kwa kuwatazama watu wake. Ile inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi ya kibiashara iliagizwa London mwaka 1843 na Henry Cole, ikachorwa na John Callcott Horsley. Zilichapwa takriban nakala 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono na kuuzwa shilingi moja kila moja. Katikati ipo familia mezani ikinyanyua glasi, pembeni maskini wanalishwa na kuvishwa. Wapo waliokasirika kwa kuona mtoto akionjeshwa mvinyo. Kadi inayoweza kumkasirisha mtu ina jambo inalolisema. Waridi la kiwandani halijawahi kumuudhi yeyote.

Sasa tuingie mezani. Vifaa vya kadi ya muhuri ni vya kawaida: karatasi za manila, pedi ya wino, wembe au kisu chembamba, na mpira. Wapo wanaotumia ufutio wa shule kwa sababu unakatika laini, wapo wanaokata soli ya ndala kuukuu. Picha huchorwa kwanza kwa penseli, kisha huondolewa kila kisichotakiwa kushika wino. Herufi ndizo mtihani, maana lazima zichongwe kinyume. Neno MAMA humhurumia anayeanza, kwa sababu M na A zikigeuzwa hubaki zilivyo. HONGERA halina huruma: N, G, E na R zote zinataka kupinduliwa, na N ndiyo laghai kuliko zote, kwani hata ikikosewa bado inafanana na N mpaka uigonge. Anayechonga kwa mkono hujifunza haraka kuandika maneno machache. Kwa mwandishi yeyote huo ni mwalimu mzuri.

Wino nao una maoni yake. Ule wa ofisini haugandi vizuri kwenye karatasi inayong'aa. Hukaa juu, kidole kikipita umeharibika. Kwenye manila hunywewa, ukingo wake ukawa na manyoya kidogo. Na rangi zinazopatikana kirahisi ni chache: nyeusi, bluu, nyekundu, zambarau. Watengenezaji wengi huuona uchache huu kuwa kikwazo, wakaagiza pedi za rangi ishirini na mihuri iliyochongwa tayari. Matokeo yake ni kadi nyingi za mkono zinazofanana na zile za kiwandani zilizozikimbia: keki yenye mshumaa, dubu aliyeshika moyo, "Happy Birthday" kwa hati ya mapozi, vimetameta juu. Mkono umefanya kazi, jicho limelala. Kutengenezwa kwa mkono hakuifanyi kadi kuwa nzuri, na sisi wahakiki tukiogopa kulisema hilo kwa kuwahurumia wajasiriamali wadogo, tunawanyima msomaji makini.

Kosa la pili ni la wale wanaotaka kuwa "wa hapa" kwa haraka. Wanachonga jiwe la Bismarck, wanaligonga kila mahali, harusi, kipaimara, Idi. Jiwe ni zuri na ni letu, lakini likigongwa kwenye kila kadi litageuka kuwa twiga mwingine. Kuna ziwa zima la kutazama. Niliwahi kushika kadi yenye muhuri mmoja tu wa dagaa, mdogo kama kucha, uliogongwa mara nyingi sana kuzunguka ukingo, mingine ikiwa na wino mzito, mingine ikififia pedi ilipokauka. Aliyewahi kupita Igombe au Kayenze dagaa wameanikwa mchangani angeutambua mng'ao ule usio sawa. Mtengenezaji alikuwa ameelewa kwamba nguvu ya muhuri iko katika kurudia, na kwamba marudio ya mkono hayafanani kamwe. Alikuwa amechora pindo.

Kadi bora kuliko zote nilizoziona Mwanza haina hata picha ya ziwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Ni manila nyeupe iliyokunjwa mara moja. Mbele, kwa wino wa zambarau wa ofisini, limegongwa neno IMEPOKELEWA, limeinama kidogo kama linavyoinama kwenye barua. Chini yake ipo tarehe ya kuzaliwa, iliyogongwa kwa muhuri wa kawaida wa tarehe, ule wa kuzungusha namba. Ndani, jina la mtoto kwa kalamu. Basi.

Niliicheka, kisha sikuweza kuiweka chini. Neno lile sote tumelisubiri kwenye madirisha ya ofisi. Tumelipata siku faili lilipokubaliwa, na tumerudi nyumbani bila hilo siku tulipoambiwa "njoo kesho." Hapa linatamkwa kwa kiumbe ambaye hajajaza fomu yoyote. Hakuombwa barua ya utambulisho wala hakuambiwa mhusika hayupo. Rangi ya zambarau, ambayo wengine huikimbia kwa sababu inanuka ofisi, ndiyo inayoifanya kadi iseme. Kwa wino wa waridi ingekuwa pambo. Nayo inafaulu kile kipimo changu: haihitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote anayeishi nchi hii, na mama yangu alipoiona aliguna, akasema, "Huyu kapokelewa kweli."

Ina udhaifu mmoja. Sarufi yake ni ya barua. "Imepokelewa" ni karatasi. Mtoto ni "amepokelewa". Mtengenezaji angeweza kuchonga neno sahihi, lakini angepoteza mwangwi wa dirisha la ofisi. Nadhani alichagua vizuri, ila napenda kujua kwamba kulikuwa na uchaguzi, na kwamba herufi moja ya mwanzo inaweza kumgeuza mtu kuwa faili. Kadi inayomfanya msomaji afikirie ngeli za nomino kando ya kitanda cha mzazi imekwenda mbali.

Mtu ataniambia kwamba haya yote yameshapitwa na wakati, kwamba salamu sasa hutumwa kwa simu kama picha, bure, kwa watu mia mbili kwa mpigo. Ni kweli, na wingi huo ndio unaoipa kadi ya mkono kazi yake. Salamu ya simu husema "nimewakumbuka nyote." Muhuri uliogongwa kwenye karatasi moja husema kwamba kwa dakika kadhaa kulikuwa na mtu mmoja tu akilini, na wino ukasubiriwa ukauke.

Lipo eneo moja ambako sijaona kadi ya muhuri ikifaulu, nalo ni msiba. Duka lina kadi za pole, lakini kwetu pole haitumwi, hupelekwa. Unakwenda, unakaa kwenye mkeka au kiti cha plastiki, unaandika jina lako kwenye daftari la rambirambi. Kadi mbele ya hilo huonekana kama kisingizio cha kutokwenda. Hata hivyo watoto wa ziwa hili wametawanyika. Wapo ambao nauli ya kurudi Ukerewe au Sengerema haipatikani kabla ya mazishi, nao hutuma pesa kwa simu, ikifuatwa na ujumbe wa maneno manne. Ningependa kumwona mchongaji mmoja akilikabili hilo: manila, wino mweusi, na neno POLE, ambalo herufi zake tatu kati ya nne ni lazima zichongwe kinyume. Sijui picha yake ingekuwa nini. Namngoja atakayethubutu.