Kuijua Mahakama Nzuri: Mwongozo wa Pikipiki, Kasulu hadi Kibondo

Fundi mwashi mzoefu hanunui tofali la kuchoma kwa kulitazama rangi tu. Huchukua mawili akayagonganisha. Lililoiva hulia kwa sauti kali na nyembamba. Lililotoka tanuri bichi hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha hulikwaruza kwa ukucha, na vumbi likibaki kidoleni hulirudisha kwenye rundo.

Mtihani huo unamfaa pia anayepanda pikipiki kwenda kuzitazama mahakama kongwe za Kasulu na Kibondo. Huku hakuna fahari ya Mahakama Kuu ya Vuga, Zanzibar, aliyoichora J. H. Sinclair mwanzoni mwa karne iliyopita, wala ya mahakama ya zamani ya Mombasa ya 1902, ambayo leo ni jumba la maonyesho. Pwani ilijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Buha, yaani nchi hii ya Waha, ina udongo mwekundu, kuni za miombo, bati, na mvua ya takribani milimita 1,000 kwa mwaka, ambayo karibu yote humwagika kati ya Novemba na Aprili. Jengo la kusifiwa hapa ni lile lililoistahimili mvua hiyo na kumkumbuka mwananchi anayesubiri nje kuitwa jina.

Ilikuwa mahakama ya nani?

Kabla ya kupima ukuta, mgeni ajue jengo lilijengewa nani. Wabelgiji waliishika Buha kuanzia 1916 hadi 1921, ndipo Waingereza wakaichukua na kutawala kupitia watemi wa Kiha. Himaya za Heru, Muhambwe na Buyungu kila moja ilikuwa na mwami (mtemi) wake, na chini yake watwale, yaani machifu wadogo. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliziweka mahakama hizo mikononi mwa maofisa wa utawala badala ya Mahakama Kuu: aliyeshindwa kwa mwami alikata rufaa kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, na asiporidhika akapanda hadi kwa mkuu wa jimbo.

Ndiyo maana kuna maumbo mawili ya kutafuta. La kwanza ni boma, ambamo chumba cha kesi kimebanwa kati ya ofisi ya DC, masijala na chumba cha fedha. La pili ni ukumbi wa mahakama ya wenyeji: chumba kimoja kirefu, madirisha mapana au kuta za nusu, ili waliokosa nafasi ndani wasikie wakiwa nje. Katika himaya ya Heru, ambako Mwami Theresa Ntare alitawala miaka ya mwisho ya ukoloni, kesi za ng'ombe, mahari na mipaka ya mashamba zilikuwa jambo la kijiji kizima. Watemi walipoondolewa madaraka mwaka 1963, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaleta mahakama ya mwanzo, na nyingi nchini zilianza kazi katika majengo ya kurithi. Lango lililohamishwa, dirisha lililozibwa au kuta za nusu zilizopandishwa hadi kwenye bati ni alama za urithi huo.

Ukuta

Anza kwenye kona, kwa kuwa ndipo fundi huonekana alikuwa mtu wa namna gani. Kozi za tofali zinatakiwa kuonana pande zote mbili kwa usawa uleule, na viungio vya kozi moja visiangukie juu ya viungio vya kozi iliyo chini yake. Ukuta wa zamani wa tofali nzima, takribani sentimita 23, hulazwa tofali nyingine kwa urefu na nyingine kwa kichwa ili upande wa ndani na wa nje ushikane. Ukiona urefu mtupu kozi baada ya kozi, huenda ni kuta mbili nyembamba zilizosimama bega kwa bega.

Nyufa nazo zina maana. Ufa wa mshazari unaoanza kwenye pembe ya dirisha mara nyingi husema msingi umetitia upande mmoja. Ufa mwembamba juu ya mlango huelekeza kwenye lenta dhaifu. Lipu iliyovimba na kubanduka karibu na ardhi ni habari ya maji.

Hapo ndipo wageni wengi hudanganyika. Jengo lililopigwa lipu ya saruji na rangi mpya huonekana limetunzwa, lakini tofali lililolazwa kwa udongo au chokaa huhitaji kupumua. Saruji ngumu huufungia unyevu ndani, na tofali huoza taratibu nyuma ya rangi. Ukuta mkavu wenye madoa ya kale una thamani zaidi ya ukuta mng'avu unaotoa jasho.

Paa na jamvi

Tazama ukingo wa bati umetoka kiasi gani nje ya ukuta. Chini ya nusu mita, mvua ya upepo huchapa tofali moja kwa moja. Kisha tazama ardhini yanapoangukia maji: pawe na mfereji au mawe, na jamvi lipande vya kutosha ili matone yasirushe tope ukutani. Boma la Bagamoyo, lililojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, liliporomoka sehemu baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997/98. Kama jumba la mawe la pwani liliweza kushindwa na maji, jengo la tofali la Kibondo halina budi kuwa na kofia nzuri na viatu vizuri.

Ndani, inua macho uone kenchi. Mbao zilizonyooka bila kujipinda ni dalili njema. Njia za udongo za mchwa zikipanda ukutani ni dalili mbaya, hata kama bati ni jipya.

Baraza

Hiki ndicho kipimo kikuu. Mdai huenda ametembea tangu alfajiri, na kesi yake ikaitwa saa nane. Mahakama nzuri ina baraza la kina cha kutosha watu wakae wakiegemea ukuta na wengine wapite mbele yao bila kukanyaga miguu. Kingo zake ziwe na kiti cha kujengea. Bora zaidi, liwe na pande mbili, maana anayedai na anayedaiwa hawapendi kusubiri goti kwa goti. Mwembe uwanjani hauhesabiwi kama baraza, ingawa watu wataukimbilia.

Chumba na sauti

Mahakama ya mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na kesi kwa kawaida husikilizwa hadharani, hivyo mgeni anaweza kuingia, kusalimu na kukaa benchi la nyuma. Asikilize. Shahidi anayezungumza kwa sauti ya kawaida asikike hapo bila kurudia. Mvua ikianza, bati lisilo na dari humeza kila neno, na hakimu hulazimika kusubiri. Dari, madirisha yanayotazamana na kizimba kisichompa shahidi jua la macho ni kazi ya mjenzi aliyewahi kukaa mahakamani.

Mizani hiyohiyo inafaa kwa majengo mapya. Mahakama ya Tanzania imejenga kwa teknolojia ya Moladi, ambayo humimina ukuta mzima katika fremu za plastiki, kama ilivyofanyika Kibaha. Kona zake zimenyooka kuliko za fundi yeyote. La kuuliza ni kama baraza limepewa nafasi.

Safari yenyewe

Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kwenda. Vumbi ni jingi, lakini tope jekundu la masika huziba matairi na kumlaza chini hata dereva hodari. Boxer au TVS ya kawaida yenye tairi za kashata inatosha. La muhimu ni kofia ngumu, na mafuta yajazwe mjini kabla ya kuiacha barabara kuu kuelekea vijijini. Pikipiki izimwe mbali na ukumbi, kwa sababu kesi inaweza kuwa inaendelea. Karani apewe salamu yake kwanza, ombi la kupiga picha lifuate, na kamera isitolewe kabisa wakati mahakama imeketi. Mwenye siku moja tu aanze Kasulu asubuhi, wakati jua la pembeni linaonyesha kila kozi iliyopinda, na mabaraza yameanza kujaa.