Ulimi wa Mshenga

Katika kazi zote za maneno, naiheshimu ya mshenga kuliko ya mwanasheria na kuliko ya mwanasiasa. Mwanasiasa husema yake, mwanasheria hulipwa aseme ya mteja wake. Mshenga hubeba ya nyumba mbili ambazo bado hazijaaminiana, na anatakiwa atoke kote kuwili akiwa bado mtu wao.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliandika habari za ndoa pamoja na za uzazi na msiba. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini barua ya posa bado hufungwa kwenye kitambaa na chochote ndani yake, na bado hupelekwa kwa mkono.

Mshenga hodari hafiki na hoja mdomoni. Anapiga hodi, anavua viatu, anaamkia shikamoo mmoja mmoja, na kila marahaba anaisubiri ifike. Halafu anauliza habari za wagonjwa, za mvua, za watoto walio safarini. Asiyejua atadhani muda unapotea. Kumbe hapo mshenga anasikiliza sauti ipi imefunguka na ipi imebana, na anaangalia baba anamtupia nani jicho kabla ya kujibu. Mara nyingi mwenye uamuzi si yule aliyekalia kiti kikubwa. Ni shangazi, kwenye mkeka, karibu na mlango.

Mzee mmoja wa Tanga nimemwona akiifanya kazi hii. Upande wa binti ulisoma orodha yao: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi. Jumla yake ilimshinda kijana kwa mbali sana. Mzee hakutamka neno ghali. Alisema, "Wazee wangu, mlichokitaja ni haki yenu, na binti hana bei. Ila mimi ni mjumbe, na walionituma wamenipa kidogo. Naomba ruhusa nirudi kwao." Mjomba mtu akafoka: kwani hawa wamekuja sokoni? Mzee akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa niaba ya waliomtuma, akaaga vizuri.

Alipofika kwa kina kijana alianza hivi: "Binti wamekubali kumtoa. Lililobaki ni la kuzungumza." Kisha akataja kiasi kama kilivyotajwa, bila kupunguza hata shilingi. Ukali wa mjomba haukuvuka kizingiti kile. Ustadi wote ninaousifu umo humo, katika kujua kipi ni ujumbe na kipi ni hasira ya saa ile. Mshenga anayeficha kiasi ni mwongo. Anayepeleka na matusi ni mchochezi, hata kama kila alichosema ni kweli.

Ugumu hasa uko kwenye kukataliwa. Nyumba yenye adabu haisemi hapana. Itasema binti bado anasoma, au tupeni nafasi tuwasikilize wajomba wa Pangani. Mshenga lazima alisikie jibu lililofunikwa, na akirudi alifunue: "Mwanangu, pale hatukupata. Tuangalie kwingine." Kijana asiachiwe tumaini la uongo likamla miezi. Nyumba zile mbili nazo ziachwe na uso wa kutazamana, maana kesho kukiwa na msiba ni hao hao watakaokaa jamvi moja. Ndiyo maana naamini ombi huwa ombi pale tu anayeombwa anapoweza kukataa na heshima yake ikabaki. Ukimbana mtu hadi hana pa kupitia, hata akisema ndiyo, ni kelele tu umepata.

Hayo yanamhusu binti kwanza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Mshenga anayejua kazi yake huuliza kwa upole, mbele ya wazee, kama mwenyewe ameulizwa.

Siku hizi orodha hupigwa picha ikatumwa kwa WhatsApp. Silaumu, watu wako mbali. Lakini picha haina wa kuiombea ruhusa irudi nyumbani kwanza, na neno kali likishaandikwa kwenye kundi la watu arobaini hakuna mzee wa kuliacha kizingitini.

Na kazi haiishi siku ya harusi. Wawili wakikorofishana, kabla ya kufikiria baraza la usuluhishi, huitwa mshenga. Yule mzee wa Tanga hula kwanza alichoandaliwa. Kisha humpa mmoja nafasi aseme hadi amalize, na kabla mwenzake hajajitetea humtaka arudie alichokisikia. Akikosea, mwenye maneno huyasema upya, na mwenzake huyarudia tena, hadi mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kuna siku hilo peke yake limechukua alasiri nzima, na lile la ugomvi likaahirishwa hadi kesho yake.